Kuinua na Kushikilia

Wanafunzi wangu katika chuo cha ualimu walizoea kuniuliza faida ya somo la historia. Wengi wao walipangiwa somo hilo bila kulitaka, wakaliona kuwa ni mkusanyiko wa tarehe na majina ya watu waliokwisha kufa. Nilikuwa nikiwajibu kwamba historia ni kumbukumbu ya maamuzi. Watu fulani, mahali fulani, walikabiliwa na jambo, wakachagua njia moja na kuacha nyingine, na sisi tunaishi katika matokeo ya uchaguzi wao. Jibu hilo liliwaridhisha wachache. Leo nataka kulieleza upya kwa mfano ambao sikuwa nao wakati ule, nao ni mfano wa mtambo wa kuinulia magari.

Jambo lenyewe lilizuka nyumbani. Mpwa wangu ni fundi wa magari hapa Tanga. Kwa miaka kadhaa alifanyia kazi uani kwangu, chini ya mwarobaini, na baadaye tukajenga banda la bati lenye kuta pande tatu. Kazi ilipoongezeka alinijia jioni moja, akaniamkia, akakaa, akasema, "Mjomba, nina ombi." Ombi lilikuwa nimpe sehemu ya akiba iliyosalia ya kiinua mgongo changu, anunue mtambo wa kuinulia gari ili yeye na vijana wake waweze kufanya kazi wakiwa wamesimama. Nilicheka, kwa kuwa lugha yetu ilikuwa imekwisha kututania: fedha iitwayo kiinua mgongo ilikuwa inaombwa ili iinue magari. Lakini hata kicheko hicho kilikuwa na ukweli ndani yake. Fundi anayelala chali juu ya gunia siku nzima, akifungua nati zilizo juu ya uso wake, hafiki umri wa miaka hamsini akiwa na mgongo mzima.

Alikuwa na karatasi zenye picha za mitambo ya namna mbalimbali pamoja na bei zake, akaniomba nimsaidie kuchagua. Mimi si fundi. Ninachoweza ni kuuliza maswali ya mwalimu wa historia: nani alianza, alikwama wapi, na baada ya kukwama alirekebisha nini. Kwa hiyo nilimwomba anipe muda, nikaanza kusoma na kukumbuka.

Kumbukumbu ya kwanza ilinirudisha Pangani, nilikozaliwa. Katika utoto wetu tuliona majahazi yakipandishwa ufukweni ili yasafishwe na kukalafatiwa. Manahodha walingoja maji ya bamvua. Maji yalipojaa, chombo kilielea hadi juu kabisa pwani, na maji yalipoanza kupwa, watu walikimbilia kutia gadi, yaani zile nguzo za miti zinazoegemezwa ubavuni ili chombo kisilale. Ndipo mafundi walipoingia chini, wakakwangua, wakaziba nyufa kwa pamba, wakapaka deheni ya shahamu na chokaa. Maji yalipojaa tena, chombo kiliinuka chenyewe kikarudi baharini. Ndugu msomaji, angalia vizuri jambo hili. Bahari ilikuwa na nguvu ya kuinua chombo chochote, tena bila malipo. Hata hivyo hakuna aliyeitegemea bahari imshikilie chombo wakati yeye yuko chini yake. Kuinua ilikuwa kazi ya maji, na kushikilia ilikuwa kazi ya gadi. Wazee wetu hawakuandika kitabu juu ya tofauti hiyo, lakini waliijua, na kila siku ya kazi waliifuata.

Wagiriki wa kale waliandika. Hero wa Alexandria, katika karne ya kwanza baada ya Kristo, alitaja zana tano za msingi za kusogezea mizigo: roda ya kuzungusha, wenzo, kapi, kabari na parafujo. Katika hizo tano, parafujo, au skrubu kama mafundi wasemavyo, ina tabia moja ya pekee. Ukiizungusha inainua mzigo polepole sana, lakini ukiiachia, mzigo haurudi chini. Msuguano wa meno yake huushika. Ndiyo maana jeki ya skrubu ile iliyokuja na magari ya zamani, pamoja na uzito wake na taabu yake, ilikuwa na uaminifu fulani. Ilikuwa inainua na kushikilia kwa kiungo kimoja.

Mabadiliko makubwa yalikuja kwa njia ya vimiminika. Mfaransa Blaise Pascal, aliyefariki mwaka 1662, aliacha maandishi yaliyochapishwa mwaka uliofuata, akieleza kwamba kimiminika kilichofungiwa chomboni hupeleka msukumo pande zote kwa usawa. Hesabu yake ni nyepesi, nami niliifundisha mara nyingi nilipolazimika kushika kipindi cha sayansi. Ukiwa na bomba dogo na bomba kubwa lenye eneo mara 50 zaidi, yakiwa yameunganishwa na kujazwa mafuta, basi kusukuma kwa nguvu ya kilo 40 upande mdogo kutainua kilo 2,000 upande mkubwa. Malipo yake ni kwamba itakubidi usukume sentimita 50 ili mzigo upande sentimita moja. Maumbile hayatoi mkopo usiolipwa.

Wazo hilo lilikaa zaidi ya miaka 100 bila kuwa chombo cha kazi. Aliyeligeuza kuwa chombo ni Joseph Bramah, Mwingereza aliyekuwa na sifa ya kutengeneza vitasa huko London. Mwaka 1795 alipata hataza ya shinikizo la maji. Tatizo lililomsumbua lilikuwa dogo kwa macho lakini kubwa kwa kazi: maji yalivuja pembeni mwa pistoni. Henry Maudslay, fundi kijana wa karakana yake, anatajwa kuwa ndiye aliyetengeneza kizibo cha ngozi ambacho, kadiri maji yanavyosukuma, ndivyo kinavyozidi kubana. Mwaka 1851, huko New York, Richard Dudgeon alipata hataza ya jeki ya kimiminika inayobebeka. Kila jeki ya mafuta iliyo katika buti ya gari lako leo ni mjukuu wa vitu hivyo. Lakini kumbuka kuwa katika ukoo huo mzigo unashikwa na mafuta, na mafuta yanashikwa na kizibo. Kizibo kikikatika, hakuna kingine.

Hapo ndipo nilipolikuta tukio ambalo nililisoma mara tatu. Robert Stephenson alikuwa anajenga Daraja la Britannia, la reli, juu ya mlangobahari wa Menai huko Wales. Daraja hilo lilikuwa la mirija mikubwa ya chuma, na kila mrija mrefu ulizidi tani 1,500. Mirija hiyo ilielezwa majini hadi chini ya minara, halafu ikainuliwa kwa mashinikizo ya kimiminika. Wasaidizi wake wangeweza kuinua mrija moja kwa moja hadi juu, kisha wajenge chini yake baadaye, kwani njia hiyo ni ya haraka zaidi. Stephenson alikataa. Aliagiza kwamba kadiri mrija unavyopanda, nafasi iliyobaki chini yake ijazwe hapo hapo. Mwezi Agosti mwaka 1849, katikati ya kazi, kitako cha shinikizo moja kilipasuka. Mrija ulianguka, lakini ulianguka inchi chache tu, ukatua juu ya vile vilivyojengwa chini yake. Daraja likafunguliwa mwaka 1850. Laiti agizo lile lisingefuatwa, mzigo wote ungekwenda baharini pamoja na watu.

Soma tena habari hiyo ukiwa na Pangani akilini. Injinia wa Kiingereza na nahodha wa pwani yetu, ambao hawakupata kujuana, walikuwa na kanuni moja: usikubali kinachoinua kiwe ndicho pekee kinachoshikilia.

Miaka mitano baadaye, mwaka 1854, kanuni hiyo ilioneshwa hadharani mjini New York. Elisha Otis alipanda juu ya jukwaa la lifti katika ukumbi wa maonyesho, likavutwa juu mbele ya watu, kisha akaamuru kamba ikatwe. Jukwaa lilishuka kidogo tu, likakamatwa na makomeo ya chuma yaliyoingia katika meno ya reli za pembeni. Mwaka 1857 lifti yake ya kwanza ya abiria ilifungwa katika duka moja la jiji hilo. Watu husema kwamba Otis ndiye aliyevumbua lifti. Sivyo. Vyombo vya kupandishia mizigo kwa kamba vilikuwako tangu kale. Yeye alichokileta ni komeo, na komeo ndilo lililowafanya watu wakubali kupanda.

Magari yalipoenea mwanzoni mwa karne ya 20, mafundi walirudi kwenye njia ya zamani kuliko zote, yaani kuchimba shimo na kusimamisha gari juu yake. Baba yangu mdogo aliifahamu njia hiyo. Alikuwa kibarua Kongwa wakati wa ule Mpango wa Karanga ulioanza mwaka 1947 na kuvunjwa mwaka 1951. Karanga hazikuota kama walivyotarajia wakubwa, lakini vijana wengi waliondoka pale wakijua kushika spana. Yeye alirudi na msemo mmoja ambao alitukaririsha watoto wote wa nyumbani: "Jeki ni ya gari, gogo ni la roho yako." Hakukubali mtu aingie chini ya gari lililosimama juu ya jeki peke yake, na hakukubali tofali. Alisema mti hulalamika kabla ya kuvunjika, ila tofali hufa kimya.

Mtambo wa kuinulia gari kama tuujuavyo ulitokea Marekani. Mwaka 1925 Peter Lunati wa Memphis, katika jimbo la Tennessee, alipata hataza ya mtambo wa nguzo moja iliyozama ardhini. Inasimuliwa kwamba wazo alilipata kwa kutazama kiti cha kinyozi kinavyopanda na kuzunguka. Gari liliendeshwa juu ya reli mbili, likainuliwa kwa msukumo wa hewa na mafuta, tena likaweza kuzungushwa. Mtambo huo uliwatoa mafundi shimoni. Nao ulikuwa na kasoro zake: bomba lililozikwa ardhini huliwa na kutu usikoweza kuiona, na mafuta yanayovuja huingia udongoni. Ndiyo sababu moja iliyofanya mitambo ya nguzo zinazosimama juu ya sakafu ienee sana katika miongo ya mwisho ya karne hiyo. Mwaka 1945 watengenezaji wa Marekani waliunda chama chao cha kusimamia usalama wa mitambo hii, na Ulaya nayo ina kiwango chake kiitwacho EN 1493. Watu hawaandiki kanuni kwa kupenda kuandika. Nyuma ya kila kanuni ya namna hiyo kuna mtu aliyeumia.

Kwetu sisi, mtu huyo alikuwa jirani. Miaka michache kabla ya ombi la mpwa wangu, kijana mmoja wa mtaa wetu, rafiki yake wa tangu shule ya msingi, alikuwa chini ya pikapu akifungua gia boksi. Jeki ilikuwa upande mmoja na tofali za saruji upande wa pili. Tofali lilipasuka. Nilikwenda kuzika. Nilipompa mama yake mkono wa pole aliniambia, "Mwalimu, alisema anamalizia bolti mbili tu." Sikuwa na neno la kumjibu, na hata sasa sinalo.

Basi tulipokaa tena na mpwa wangu, tulichambua aina moja baada ya nyingine. Shimo ni rahisi na halihitaji umeme. Lakini mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutulia humo humo shimoni, na cheche moja inatosha. Tena hapa karibu na bahari maji yako juu, na shimo hugeuka kisima wakati wa masika. Tukaliacha. Mtambo wa nguzo nne ni mtulivu kuliko yote, maana gari huendeshwa juu ya njia mbili na kukaa kwa magurudumu yake. Unafaa sana kwa kumwaga oili, kwa kazi za ekzosi na kwa kuhifadhi gari moja juu ya jingine. Lakini mwenye kazi ya breki na springi atahitaji jeki nyingine juu yake, kwa kuwa magurudumu yamekaliwa. Mtambo wa mkasi hauchukui nafasi kubwa, lakini mwingi wake hufunika katikati ya gari, mahali ambapo fundi wa gia boksi anapahitaji. Mtambo wa nguzo mbili hushika gari kwa mikono minne chini ya chesisi, na magurudumu yote hubaki yananing'inia huru. Kwa kazi za mpwa wangu, huo ndio uliofaa. Ila huo ndio pia unaodai akili zaidi. Gari lisipopangwa vizuri uzito wake utaelemea mbele au nyuma, na nguzo zake hazina cha kuziegemeza ila bolti zilizozama katika zege.

Tukaanza na zege. Sakafu ya banda letu ilikuwa na unene wa inchi mbili, nayo ilitosha kwa kuku. Watengenezaji wengi hutaka zege zito lisilopungua inchi nne, na wengine zaidi ya hapo, tena lililokomaa na lisilo na nyufa mahali pa bolti. Tukapima paa, kwa sababu nguzo nyingi hufikia mita tatu na nusu, na gari likiinuliwa linahitaji nafasi yake juu. Tukatazama umeme. Nyumba yetu ina umeme wa kawaida wa fezi moja, na mitambo mingi ya viwandani hutaka fezi tatu. Aidha mota zilizotengenezwa kwa ajili ya Marekani hupangwa kwa mizunguko 60, na umeme wetu ni wa mizunguko 50. Tukahesabu uzito. Land Cruiser ya kazi, hata ikiwa tupu, iko katika tani mbili au zaidi, na wateja wetu hawaji na magari matupu. Tukaamua tusishuke chini ya ratili 9,000, yaani kilo 4,080 hivi.

Mpwa wangu alikuwa amekwisha kuupata mtambo wa mtumba kwa nusu ya bei ya mpya. Tulikwenda kuutazama. Rangi ilikuwa nzuri na mota ilinguruma vizuri. Nilimwomba muuzaji auinue kisha autue juu ya makomeo. Nguzo ya kushoto ililia "ta", na ya kulia ikanyamaza. Komeo la kulia lilikuwa limeondolewa, na mahali pake pakapakwa rangi. Muuzaji akatabasamu, akasema, "Mzee, oili haina wasiwasi. Inashika kutwa nzima." Nilimwambia kuwa namwamini, ila nina swali moja: baada ya kutwa, je?

Njiani kurudi hatukuzungumza. Usiku mpwa wangu alinieleza hoja zake, nazo hazikuwa za kipuuzi. Gereji ya mtaa wa pili ilikuwa imekwisha kufunga mtambo, na wateja walikuwa wanahama. Komeo lingeweza kuchongwa na mchomelea vyuma. Kungoja kungemgharimu wateja, na wateja ndio karo ya watoto wake. Dada yangu naye alinijia asubuhi, akaniuliza kama nimekusudia kumzuilia mwanawe riziki. Niliwajibu wote wawili jibu moja. Fedha yangu itanunua zege sasa, na itanunua stendi nne madhubuti za chuma sasa. Iliyobaki itangoja hadi itakapotosha mtambo wenye makomeo yote mawili kama yalivyotoka kiwandani, kwa sababu komeo la kuchongwa mtaani hakuna aliyelijaribu kwa tani nne. Kama alitaka ule wa mtumba, atafute fedha kwa mtu mwingine, nami sitamlaumu. Alininunia majuma mawili. Katika majuma hayo vijana wake walimwaga zege.

Tulingoja miezi kumi na moja. Wateja kadhaa walihama kweli, na baadhi yao hawakurudi. Sidai kwamba subira haina gharama, na atakayekuambia hivyo hajawahi kulea familia kwa spana. Lakini mtambo ulipokuja ulikuwa mzima, wenye bamba la uzito na kitabu cha maelekezo, na ulifungwa juu ya zege lililokomaa. Siku ya kwanza nilikaa na vijana wanne, nikawasomea kitabu hicho kwa Kiswahili, sura kwa sura, nao wakaandika. Tuliweka amri chache ukutani. Inua gari kidogo kwanza, kisha litikise kabla ya kupandisha. Ukifika juu, teremsha mpaka makomeo yote mawili yashike, ndipo uingie. Kagua kamba za chuma na bolti za sakafuni kila mwezi, maana upepo wa bahari hauchoki kuleta kutu. Kila mwaka aitwe mtaalamu aukague wote.

Msomaji anayetaka kununua mtambo kama huu kwa gereji ya nyumbani huenda akaniuliza aanzie wapi. Namshauri aulize kwa utaratibu huu: kazi yangu ni ipi, gari langu zito kuliko yote lina uzito gani, zege langu lina unene gani, paa liko juu kiasi gani, umeme wangu ni wa namna gani, na mafuta yakikatika ghafla, ni kitu gani kitakachobaki kushikilia mzigo. Swali hilo la mwisho aliulize mbele ya mtambo wenyewe, ukiwa umeinuliwa, asikie kwa masikio yake. Akiisha kulijibu, ndipo aulize bei.